Cheti cha TEHAMA kwa Mwanafunzi wa Fani Yoyote: Aina, Utambuzi na Utaratibu wa Kukipata

Mwanafunzi anayesomea uuguzi, uhasibu, ualimu, sheria, kilimo au fani nyingine yoyote chuoni anaweza kuongeza cheti cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) bila kuacha wala kubadili masomo yake ya msingi. Njia za kukipata ni nyingi, na vyeti vyenyewe havilingani kwa uzito. Baadhi vimo katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Serikali, baadhi hutolewa na vyuo kwa mafunzo ya muda mfupi, na vingine hutolewa na kampuni na taasisi za kimataifa. Mwanafunzi, au mzazi anayelipia mafunzo hayo, anapaswa kuzijua tofauti hizo kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa cheti kisichotambuliwa hakimsaidii mwenye nacho siku ya kuomba kazi.

Makala hii inaeleza aina za vyeti vya TEHAMA vinavyopatikana nchini Tanzania, namna ya kuhakiki utambuzi wake, mipaka yake katika ajira na hatua za kufuata kwa mwanafunzi anayekusudia kuongeza cheti hicho katika fani yake.

TEHAMA katika kazi za fani nyingine

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliweka msingi wa kisheria wa matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma na kuanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA). Kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa kwa majalada na vitabu vya leja sasa hufanyika ndani ya mifumo. Mhasibu wa halmashauri huandaa malipo katika Mfumo wa Ulipaji Serikalini (MUSE). Afisa ugavi hutangaza na kusimamia zabuni katika mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Katika hospitali na vituo vya afya vya umma vinavyotumia mfumo wa GoT-HoMIS, muuguzi na tabibu huingiza taarifa za mgonjwa kwenye kompyuta. Mpango wa ruzuku ya mbolea ulioanza msimu wa 2022/23 uliwategemea wakulima waliosajiliwa kidijitali, na maafisa ugani walihusika katika usajili huo. Aidha, watumishi wa umma huandika mipango ya kazi zao na utekelezaji wake katika mfumo wa PEPMIS, awe mwalimu wa shule ya msingi au mhandisi wa barabara.

Watumishi hao wote waliajiriwa kwa fani zao. Hata hivyo, kosa dogo katika mfumo linaweza kuchelewesha malipo ya mzabuni, kupoteza kumbukumbu ya dawa aliyopewa mgonjwa au kumkosesha mkulima mbolea. Hapo ndipo ujuzi wa TEHAMA unapokuwa sehemu ya taaluma yenyewe.

Zipo kada ambazo ujuzi huo umewekwa bayana kuwa sharti. Matangazo ya nafasi za mwandishi mwendesha ofisi, kada iliyojulikana kwa muda mrefu kama ya katibu mahsusi, humtaka mwombaji, pamoja na stashahada ya uhazili na hatimkato ya maneno 100 kwa dakika, awe amepata mafunzo ya programu za kompyuta za ofisi, zikiwemo Word, Excel na Publisher, kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Sharti hilo lina sehemu mbili: mafunzo yenyewe, na utambuzi wa chuo kilichoyatoa. Mwombaji mwenye moja bila jingine hajatimiza sharti.

Aina nne za mafunzo

Ya kwanza ni masomo ya TEHAMA yaliyomo ndani ya programu ya chuo anachosoma mwanafunzi. Programu nyingi za stashahada na shahada zina somo la lazima la matumizi ya kompyuta, na baadhi zina masomo ya kuchagua, kama vile uchambuzi wa takwimu, kanzidata au mifumo ya taarifa. Masomo hayo hayatoi cheti cha peke yake, lakini huonekana kwenye nakala ya matokeo ya mhitimu na yamelipiwa tayari ndani ya ada. Mwanafunzi anashauriwa kuyatumia kwanza kabla ya kutafuta mafunzo ya nje.

Ya pili ni mafunzo ya muda mfupi ya matumizi ya kompyuta. Hutolewa na vyuo vya ufundi stadi, vikiwemo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), na taasisi za elimu ya juu au kampuni zake, kama Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UCC). Huchukua wiki au miezi michache na huhusu uandishi wa nyaraka, lahajedwali, uwasilishaji wa mada, barua pepe na usalama wa msingi wa mtandao. Mhitimu hupata cheti cha chuo husika. Ni muhimu kutofautisha cheti cha mahudhurio, kinachoonesha kwamba mtu alikuwapo darasani, na cheti kinachotolewa baada ya mtihani au kazi ya vitendo iliyopimwa.

Ya tatu ni cheti kilichomo katika mfumo wa Tuzo za Taifa za Ufundi, maarufu kama NTA. Mfumo huo unasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), lililorithi majukumu ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi (NACTE) lililoanzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 1997. Ngazi ya 4 ni cheti cha awali cha ufundi, ngazi ya 5 ni cheti cha ufundi na ngazi ya 6 ni stashahada. Anayeingia ngazi ya 4 huwa ni mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, ukiondoa masomo ya dini. Cheti cha ngazi hizo kinaweza kumpeleka mwenye nacho katika ngazi inayofuata, jambo ambalo cheti cha mafunzo mafupi hakiwezi kufanya.

Ya nne ni vyeti vya kitaalamu vya kimataifa. CompTIA A+ hupima utunzaji wa kompyuta na usaidizi wa watumiaji, na hutolewa baada ya kufaulu mitihani miwili. CCNA ya kampuni ya Cisco hupima ujuzi wa mitandao ya kompyuta kwa mtihani mmoja. Vyote viwili hudumu kwa miaka mitatu, na baada ya hapo mwenye nacho hutakiwa kukihuisha. Google nayo ilianzisha mwaka 2018 cheti cha usaidizi wa TEHAMA kinachosomwa kupitia jukwaa la Coursera. Vyeti hivi vinajulikana kwa waajiri wa nchi nyingi, lakini havina ngazi katika mfumo wa NTA na haviwezi kutumika badala ya stashahada au shahada pale tangazo la kazi linapozitaka.

Namna ya kuhakiki utambuzi

Jambo la kwanza la kuuliza chuoni ni usajili. NACTVET huchapisha katika tovuti yake orodha ya vyuo vilivyosajiliwa pamoja na hali ya ithibati ya kila kimoja. Usajili na ithibati ni mambo mawili tofauti: usajili humaanisha kwamba chuo kimeruhusiwa kuendesha mafunzo, na ithibati humaanisha kwamba kimepimwa na kuthibitika kukidhi viwango vya ubora. Kwa vyuo vikuu, chombo husika ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambayo nayo huchapisha orodha ya vyuo na programu zilizoidhinishwa.

Jambo la pili ni programu yenyewe. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa ajili ya programu za afya au biashara, na wakati huohuo kikatangaza cheti cha TEHAMA ambacho hakimo katika orodha ya programu zake zilizoidhinishwa. Anayetaka kujiunga atafute jina la programu na ngazi yake katika orodha rasmi, na asitosheke na bango la barabarani au tangazo la mitandao ya kijamii.

Jambo la tatu ni vyeti vilivyotolewa nje ya nchi. Tuzo za vyuo vikuu vya nje hutathminiwa na TCU, na tuzo za elimu ya ufundi zisizo za chuo kikuu hutathminiwa na NACTVET. Matangazo ya ajira za umma huwataka waombaji waliosoma nje kuwa na uthibitisho huo. Kwa vyeti vya kitaalamu vya kimataifa, taasisi zinazovitoa huwa na namba au kiungo cha uhakiki ambacho mwajiri anaweza kukitumia kuona iwapo cheti ni halisi na iwapo muda wake haujaisha.

Uzito wa uhakiki ulidhihirika Aprili 2017, wakati taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma iliyokabidhiwa kwa Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, ilipobainisha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watumishi hao waliondolewa kazini. Uhakiki huo ulihusu vyeti vya kidato cha nne, kidato cha sita na ualimu, lakini funzo lake linahusu cheti cha aina yoyote: anayenunua cheti bila kusoma hujiwekea hatari inayoweza kumfikia miaka mingi baadaye, akiwa tayari ana familia inayomtegemea.

Mipaka ya cheti katika ajira

Cheti cha TEHAMA kilichoongezwa juu ya fani nyingine humwezesha mhitimu kuifanya vizuri zaidi kazi ya fani yake. Hakimgeuzi kuwa Afisa TEHAMA. Nafasi za Afisa TEHAMA Daraja la II katika utumishi wa umma huhitaji shahada ya kwanza katika sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa kompyuta au fani inayolingana na hizo. Mhitimu wa shahada ya historia mwenye cheti cha mafunzo mafupi ya kompyuta, hata akiwa na ujuzi mkubwa, hana sifa ya msingi ya nafasi hiyo. Anayekusudia kuhamia kabisa katika kada ya TEHAMA anapaswa kuanza safari ya ngazi za NTA au kuomba shahada ya fani hiyo.

Kwa upande mwingine, Mfumo wa Maombi ya Ajira wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma una sehemu maalumu ya kujaza ujuzi wa kompyuta na sehemu ya mafunzo na warsha. Mwombaji mwenye cheti kinachotambuliwa ana cha kuweka hapo. Izingatiwe kwamba matangazo ya ajira za umma hayakubali hati za matokeo ya muda badala ya vyeti. Mwanafunzi aliyemaliza mafunzo mafupi asiache cheti chake chuoni kwa kudhani kwamba stakabadhi ya malipo au barua ya kuhitimu itatosha.

Kuoanisha cheti na fani

Kosa linalowagharimu wengi ni kuchagua cheti kwa umaarufu wake bila kutazama kazi kitakakotumika. Mwanafunzi wa uuguzi akisomea usanidi wa mitandao ya kompyuta hatautumia ujuzi huo wodini. Kitakachomfaa ni uingizaji sahihi wa takwimu, usomaji wa ripoti za mfumo na utunzaji wa siri za mgonjwa.

Mwanafunzi wa uhasibu au ugavi atanufaika na lahajedwali kwa kina, kanzidata na ukaguzi wa mifumo, kwa sababu mkaguzi wa leo hufuata nyayo za muamala ndani ya mfumo. Wa kilimo, ardhi au mipango miji atahitaji mifumo ya taarifa za kijiografia; programu ya QGIS inayotumika kutengeneza ramani hupatikana bila malipo. Wa takwimu, uchumi au sayansi ya jamii anaweza kujifunza uchambuzi kwa programu ya R, ambayo nayo haina gharama ya leseni. Mwalimu atafaidika na uandaaji wa masomo ya kidijitali na uchambuzi wa matokeo ya wanafunzi wake.

Mwanafunzi wa sheria ana sababu za ziada. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya mwaka 2015 inaelekeza namna ushahidi wa kielektroniki unavyokubalika, na Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka huohuo inaainisha makosa yanayotendwa kwa kutumia kompyuta. Wakili asiyejua namna ujumbe unavyohifadhiwa, kunakiliwa au kubadilishwa atapata taabu kuuhoji ushahidi huo mahakamani.

Kwa fani zote, mafunzo ya ulinzi wa taarifa binafsi yana umuhimu wa pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawawajibisha wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Anayetuma orodha ya wagonjwa, wanafunzi au wateja kwa njia isiyo salama anaweza kuiingiza taasisi yake katika ukiukaji wa sheria, hata kama hakukusudia.

Muda na gharama

Katika mfumo wa NTA, ngazi ya 4 ina krediti zisizopungua 120, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, darasani na nje ya darasa. Jumla ni saa 1,200. Mwanafunzi wa shahada anayeweza kutenga saa 10 kwa wiki atahitaji wiki 120, yaani zaidi ya miaka miwili, kukamilisha kiasi hicho. Mafunzo mafupi ya saa 40, kwa saa tano za kila Jumamosi, hukamilika ndani ya wiki nane. Kwa sababu hiyo, mafunzo mafupi au mtihani mmoja wa kitaalamu huendana zaidi na masomo ya kutwa, na cheti cha NTA humfaa zaidi aliyehitimu au mwenye nafasi ya kusoma jioni kwa muda mrefu.

Gharama nazo zipangwe mapema. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hutolewa kwa programu ambayo mwanafunzi amedahiliwa, na vipengele vyake, kama ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa na mafunzo kwa vitendo, havina fungu la mafunzo ya nje ya programu hiyo. Mwanafunzi anayetumia fedha ya chakula kulipia kozi ya ziada hujiweka katika hatari ya kukwama katika masomo yote mawili. Kwa mitihani ya kimataifa, ada hupangwa kwa dola za Marekani, hivyo kiasi cha shilingi hubadilika, na anayerudia mtihani hulipa upya. Kabla ya kujiandikisha, ni vyema kuuliza iwapo ada iliyotangazwa inajumuisha mtihani, vitabu na cheti, au ni ya masomo peke yake.

Hatua za kufuata

Mwanafunzi anayekusudia kuongeza cheti cha TEHAMA anashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

1. Asome matangazo ya ajira ya fani yake na kuorodhesha mifumo na programu zinazotajwa. Mafunzo kwa vitendo nayo ni nafasi nzuri ya kuona vifaa na mifumo inayotumika kazini.

2. Amuulize mkuu wa idara kuhusu masomo ya TEHAMA yaliyomo katika programu yake, ili asilipie nje anachoweza kukipata ndani.

3. Athibitishe na ofisi ya msajili wa chuo chake iwapo ratiba na kanuni zinaruhusu masomo ya nyongeza, hasa kwa programu ndefu inayohitaji udahili wa pili.

4. Ahakiki usajili na ithibati ya chuo, na uidhinishaji wa programu, katika orodha rasmi za NACTVET au TCU kabla ya kulipa.

5. Alipe kwa njia inayoacha kumbukumbu na kutunza stakabadhi. Chuo cha umma hutoa kumbukumbu namba ya malipo, na ofisa wa chuo hapaswi kupokea ada kupitia simu yake binafsi.

6. Ajisajili kwa majina yaleyale, na kwa mpangilio uleule, yaliyomo katika cheti chake cha kidato cha nne na kitambulisho cha Taifa. Majina yanayotofautiana husababisha maombi kukwama, na utaratibu wa kisheria wa kuyasahihisha huchukua muda na gharama.

7. Afanye kazi ya vitendo inayohusu fani yake, kama jedwali la hesabu, ramani, kanzidata ndogo au ripoti ya takwimu, na kuihifadhi. Katika usaili wa vitendo, mwombaji huketishwa mbele ya kompyuta na kutakiwa kuonesha anachokijua.

8. Achukue cheti halisi mara kinapotoka, akihifadhi nakala rudufu mahali salama, na kuandika tarehe ya mwisho ya uhalali wake iwapo kina ukomo.

Mwanafunzi mwenye mashaka kuhusu chuo au cheti anaweza kuwasiliana na NACTVET kwa elimu ya ufundi na ufundi stadi, au TCU kwa elimu ya chuo kikuu. Uhakiki wa aina hiyo hufanyika kabla ya kulipa ada, kwa sababu fedha iliyokwisha kutolewa kwa chuo kisichosajiliwa ni vigumu kurejeshwa, na muda uliotumika hapo haurudi.